Benchi Walilolikata kwa Jina Langu

Buyenzi, Bujumbura
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naanza na magoti yako kabla ya kitu kingine chochote. Yanakuruhusu kusujudu sasa, au bado unaswali umekaa? Na Baba Mdogo, kile kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Saida, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Soma polepole, na tafadhali usiruke mahali nilipokasirika, maana leo ni pengi.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Zaituni amejifungua salama mtoto wa kike, ananyonya kwa pupa mpaka anapaliwa. Tumempa jina lako, Mama. Najua utasema ulipaswa kuulizwa kwanza, na ukishasikia yaliyonipata utaona kwamba hilo la kuulizwa kwanza nalielewa kuliko mtu yeyote. Vita viko palepale. Siku nyingine tunasikia mizinga milimani juu ya Gihosha, siku nyingine kunakuwa kimya mpaka watu wanaanza kupanga harusi. Tumeshazoea, ingawa hilo si jambo la kujisifia.

Sasa nije kwenye habari uliyoletewa. Aliyekuambia kwamba mke wangu ametoka hospitali lakini mimi bado nashinda huko kila siku, hakusema uongo. Kama aliongeza kwamba ninaumwa na nakuficha, au kwamba nimepata mke wa pili katika manesi, hayo aliyaokota njiani. Nashinda hospitali kwa ajili ya benchi, Mama. Benchi la kukalia. Saida, msomee tena kama hajaamini.

Wewe hujawahi kulazwa huku, kwa hiyo nikueleze. Hospitali inampa mgonjwa kitanda na daktari, basi. Kumpikia, kumfulia, kumgeuza, kumkimbilia dawa mjini, yote ni kazi ya mtu wake wa kumuuguza. Garde-malade, ndivyo wanavyomwita. Mimba ilipoanza kumtoa Zaituni damu na akalazwa, mimi nisingeweza kukaa naye. Mwanamume haruhusiwi kulala wodi ya wazazi, na hata angeruhusiwa, baiskeli yangu ya mikono haipiti mlango ule. Akaenda Shangazi Mwamvua, na umri ule, na mgongo wake unaoujua. Nilimwomba kwa aibu. Alifunga kanga yake, akachukua sufuria na mkeka, akaniambia nisimchoshe kwa maneno.

Hao wauguzaji wana maisha yao pale. Usiku kucha wako macho sakafuni, kando ya vitanda vya wagonjwa wao. Asubuhi madaktari wakianza kupita wodini, wote wanatolewa nje, na hapo ndipo wanapopata usingizi, kwenye baraza inayotazama ua. Palikuwa na mabenchi marefu ya mbao. Mmoja analala, mwenzake anamlindia sufuria na kumwamsha wakiitwa. Moto ni mmoja, mkaa wanachangia, na anayekwenda bombani anamwachia mwenzake mgonjwa wake. Aliyemfundisha Shangazi mambo hayo yote ni Mama Divine, mwanamke wa Mutakura. Mume wake alipigwa na kipande cha bomu kwenye paja, na nyumba yao waliiacha wazi siku ile ile, hajui nani yumo sasa. Kwa hiyo yeye akitoka pale hana pa kurudi. Ni Mkristo, mwimbaji wa kwaya, na alihakikisha sufuria waliyochangia na Shangazi haiingii nyama ambayo Shangazi hali. Nilimpenda mwanamke yule kabla hajaanza kunitukana.

Basi siku moja nimefika na uji wa Zaituni, akaja Madamu. Ni mzungu wa mradi, anakaa Kinindo, ana gari jeupe na kijana wa Kirundi anayemtafsiria. Walikuwa wanapima baraza. Aliponiona akaja moja kwa moja, akachuchumaa mbele yangu, jambo lililonifurahisha, maana watu wengi huongea na kofia yangu kutoka juu. Akaniuliza kama ningependa, nikija kutazama mgonjwa, niwe na nafasi yangu pale kwenye benchi, niketi pamoja na wengine badala ya kukaa juani uani.

Mama, wewe ungejibu nini? Nilijibu ulivyonilea. Nilisema, "Eee, merci sana Madamu, Mungu akubariki." Mtu anakuuliza jambo jema kwa sauti nzuri, unamshukuru, kwisha. Kijana akaandika. Sikujua kwamba kumbe hapo ndipo nilipowekewa saini. Wala sikugeuka kuona ni nani waliokuwa nyuma yangu wakisikiliza.

Haukupita muda mrefu wakaja mafundi. Yale mabenchi marefu waliyabeba wakayatupa nyuma ya jiko, miguu juu. Wakaweka mapya ya chuma, rangi ya kijani, miguu imechimbiwa kwenye saruji. Kila benchi ni kiti cha watu wawili, halafu pengo, halafu tena kiti cha watu wawili. Ukutani nyuma ya kila pengo wamebandika kibao cha buluu chenye picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu. Mtu wa kwenye picha hana uso, lakini pale hospitali kila mmoja alijua ni mimi.

Shefu wa utawala akakusanya watu uani, akasema hospitali imeamua kuwaheshimu ndugu zetu walemavu. Kuanzia sasa nafasi ile isiwekwe mkeka, isiwekwe sufuria, isiwekwe mtu. Na kwa kuwa viti vyenyewe ni vifupi, hakuna haja ya mtu kujilaza, wageni wanaokuja waone hospitali na si watu wamelala kama mizigo bandarini. Hilo la mwisho alilisema haraka haraka, kwa sauti ndogo. Mimi nililisikia, Mama. Na wote walilisikia. Lakini nani angesimama mbele za watu aseme kwamba yeye hataki walemavu wapate pa kukaa? Walijua hakuna. Ndiyo maana walinitanguliza mimi.

Sasa cheka kidogo, kabla sijakasirika zaidi. Walinialika siku ya kupiga foto. Nilivaa kanzu, na ile kofia uliyonitumia. Kijana akanisukuma kuelekea kwenye pengo langu niheshimiwe. Baiskeli haikuingia. Tukajaribu kinyumenyume, haikuingia. Unaijua baiskeli yangu, magurudumu matatu na ule mnyororo wa mbele, ndefu kama kitanda. Na Bujumbura nzima sisi wenye miguu mibovu tunatembelea hizi hizi, hivyo vitu vya kwenye kibao tunaviona mahospitalini tu. Madamu akawa mwekundu. Mtu akakimbia chumba cha upasuaji, akaleta kile kiti wanachobebea wagonjwa, wakanishika makwapani bila kuniuliza, wakanipakia, wakaniingiza kwenye pengo. Foto ikapigwa. Halafu wakanirudisha kwenye baiskeli, na kiti kikarudi upasuaji ambako mtu alikuwa anakingoja.

Siwezi kumsingizia Madamu. Alikuwa na furaha ya kweli, machozi yalimlengalenga. Mpaka leo sijui kama alidanganywa, au alikubali kudanganywa. Lakini mimi nikiwa pale kwenye pengo nilikuwa nawasikia wanawake nyuma yangu, wamesimama na mikeka yao wameikunja, hawana pa kuitandika.

Gari jeupe lilipoondoka, Mama Divine akanijia.

"We ndo uliwaambia wakate benchi," akasema.

"Mama Divine, mi sikusema mutu akate kitu..."

"Tulikusikia na hizi masikio! Alikuuliza unataka nafasi, we ukasema merci. Ulisema merci ao hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi! Sasa mi nalala wapi? Mwambie Madamu yako aje anibebe mugongoni."

Na wenzake wakaitikia. Mmoja akasema sisi vilema tuna roho mbaya, tunataka kila mtu aumie kama sisi. Mama, neno hilo nililisikia nikiwa mtoto pale kwetu, ukamfuata aliyelisema mpaka mlangoni kwake. Safari hii sikuwa na wewe. Niligeuza baiskeli nikaondoka, na nililia njiani, sioni haya kukuambia.

Adhabu yenyewe hawakunipa mimi, walimpa Shangazi. Walimtolea sufuria yake kwenye moto. Akabaki pembeni ya ua anapuliza mkaa wenye maji, na Zaituni anakula ugali baridi. Akienda bombani hakuna anayemwangalizia mgonjwa. Siku moja damu ilianza tena Shangazi akiwa foleni ya maji, na Zaituni aliita mpaka nesi mwenyewe akasikia kutoka chumba cha mbali. Vitanda vya jirani vilikuwa na watu, na watu hao wana masikio. Zaituni alinisimulia mwenyewe. Tungeweza kumpoteza, yeye na huyo mwenye jina lako, kwa sababu ya merci.

Nilikwenda kwa shefu. Nikamwambia ile nafasi siihitaji, siwezi hata kuingia, warudishe mabenchi ya zamani. Alinitazama kwa huruma, akanipigapiga bega. "Ramadhani, na we tena? Tumepigana kwa ajili yako," akasema. Mtu akikudhulumu unaweza kumgombeza, lakini akikudhulumu huku anakuhurumia, unamshika wapi?

Halafu Shangazi akaanguka. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha chuma asubuhi, baada ya usiku mbaya, usingizi ukamzidi akiwa wima, akainama pembeni, akaanguka. Ameangukia wapi? Kwenye nafasi yangu, Mama. Chini ya kibao changu cha buluu. Aliumia nyonga na kiwiko. Mimi ndiyo kwanza naingia getini, nikamwona Mama Divine ndiye anayemwinua, amemkumbatia, anamfuta vumbi na huku analia, "Mana yanje! Mana yanje!" ndiyo Mungu wangu kwa Kirundi, na aliponiona akaninyooshea kidole. Afadhali angetukana.

Siku ile sikulala. Kesho yake nilifunga nyuma ya baiskeli cherehani yangu ya mkono na ule ubao wangu wa kukatia nguo, nikaenda hospitali kabla madaktari hawajaanza kupita. Nikasimamisha baiskeli mbele ya pengo, na ubao nikaulaza juu yake, ncha moja huku, ncha ya pili kule. Ukakaa sawasawa. Benchi likawa refu tena.

Mzamu akaja mbio, ndivyo huku wanavyomwita mlinzi. Anaitwa Nestori, ni kijana mwenye sauti kubwa na viatu vikubwa.

"Fundi, apana! Hapa ni nafasi ya walemavu. Kitu hairuhusiwi."

"Na mi ni nani?" nikamwuliza.

"We ni mulemavu."

"Hii nafasi ya nani?"

"Ya... ya walemavu."

"Basi niko kwa nafasi yangu. Baiskeli haiingii, umeona mwenyewe siku ya foto. Ubao inaingia. Hii ni meza ya kazi yangu. Unataka niende kwa Madamu nimwambie mulemavu alikuja na Nestori akamufukuza?"

Alitazama kibao, akanitazama mimi, akatazama kibao tena. Halafu akasema, "Lakini hii bibi haiko mulemavu," maana Shangazi alikuwa ameshajilaza, kichwa kiti cha huku, miguu kiti cha kule, nyonga zake juu ya ubao wangu.

"Hii ni nguo yangu," nikasema. "Naipima."

Shangazi akacheka huku amefumba macho. Mimi nilikuwa na hasira mno, sikucheka. Lakini wanawake wa uani walicheka, na Nestori akaondoka akinung'unika kwamba atamwambia shefu. Kama alimwambia sijui. Nadhani shefu naye alipiga hesabu ya ile foto, akaona kunifukuza kutamwaibisha.

Mama Divine hakuniomba radhi, na sikungoja aniombe. Shangazi alipoamka, Mama Divine alikaa pale pale, akanyoosha mgongo juu ya ubao, na ndani ya dakika chache alikuwa anakoroma. Mchana ule niliona sufuria ya Shangazi imerudi kwenye moto. Nikashona huku nimepigwa na jua la ua, shuka za wagonjwa, mashati, nepi. Na Zaituni hakuita tena bila kuitikiwa mpaka siku alipojifungua, na Mama Divine ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, mpaka manesi wakamnyamazisha.

Sasa utasema, vizuri, mke ametoka, chukua ubao wako uje na mjukuu wangu Ujiji kama ulivyoahidi. Ndivyo nilivyodhani na mimi. Tuliporudi nyumbani niliwaachia wale wanawake ubao. Nestori akautoa kabla sijafika sokoni. Kanuni ni kanuni, akasema, mlemavu akiwepo ubao unakaa, mlemavu akiondoka ubao unaondoka. Nikapita siku ya pili kuuchukua, nikamkuta Mama Divine amelala amekaa, mdomo wazi, kichwa kinadondoka kuelekea kwenye lile pengo. Mume wake bado hajaweza kusimama. Sikuweza kugeuza baiskeli. Nimejaribu, Mama, wallahi nilijaribu.

Kwa hiyo ninakwenda. Kila asubuhi, kama mwajiriwa wa serikali, ila serikali hailipi. Kazi ya dukani imelala, Zaituni ananuna, na ana haki. Ananiuliza kama nimeoa benchi. Namwambia benchi ndilo lililonioa mimi. Nimemtafuta mwenzangu mmoja anayetumia baiskeli kama yangu, anayekaa karibu na soko, tupokezane siku. Amesema atafikiri. Akikubali nitakuja na mtoto. Asipokubali, naomba unisamehe na usinikasirikie, au unikasirikie lakini usiache kuniombea dua. Nimechoka, Mama. Nimechoka kuwa sababu. Wakitaka sadaka wananiweka mlangoni, wakitaka kufukuza watu wananiweka kwenye kibao, na siku zote mimi ndiye wa mwisho kujua.

Juzi Nestori alinifuata getini nikitaka kutoka. Viatu vile vikubwa, lakini sauti imeisha. Mama yake ameletwa kutoka mlimani, kijijini kwao kumechomwa, na dada mtu ndiye anayemuuguza, mjamzito. Alitazama chini akauliza, "Fundi, kesho utakuja?"

Jibu baya nilikuwa nalo tayari, limeiva, nimelitunza tangu ile siku ya ubao. Nikamwambia nitakuja.

Unajua, tangu ulipoacha kunibeba mgongoni, kila ninapofika mahali watu huanza kuangalia waniweke wapi. Wanasogeza viti, wanahema, wanatazamana. Sasa nikikaribia lile geti kuna wanawake wanaosimama kunichungulia kama nimefika, ili wapate kulala. Nina hasira na jambo hili lote, sitaki uniambie ni heri. Lakini hilo nimeona nikuambie.

Nisalimie Baba Mdogo, na mke wake. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni, mwambie kofia ilionekana na wakubwa. Nisalimie jirani yetu muuza dagaa, na wote wanaouliza. Shangazi Mwamvua anakusalimu, nyonga inapona, anasema wifi yake amwombee. Zaituni anakubusu mikono, na mtoto atakubusu mwenyewe akifika. Barua hii naituma kwa mkono wa mume wa Asha, anayekuja Kigoma kwa biashara yake ya vitenge.

Ndani ya bahasha nimeweka ile foto. Madamu aliniletea nakala, imefungwa vizuri kwenye karatasi, na nikamwambia merci, maana sijui jibu jingine. Usinitazame mimi hapo mbele, na kanzu yangu, nimekaa kama bwana harusi kwenye kiti cha watu. Tazama nyuma yangu kushoto, mwanamke aliyesimama na mkeka umekunjwa chini ya kwapa. Huyo ndiye Mama Divine. Benchi lilikuwa lake.

Ni mimi mwanao uliyembeba,
Ramadhani